Cheti Ninacho, Kazi Iko Wapi?

Toleo lililopita tuliwauliza wanafunzi na wahitimu wa ufundi wa Dodoma na mikoa jirani swali moja: mnachofundishwa kinawapa kazi? Barua nyingi zimekuja na malalamiko kuliko maswali, na si vibaya. Tumechagua nane. Wanaojibu ni mafundi na wakufunzi wa jopo letu. Bei zinazotajwa ni za mfano, kwa hiyo weka za duka la jirani yako.

Mbukwenyi wahariri. Nasoma umeme wa majumbani, mwaka wa pili. Chuoni tunafunga waya kwenye ubao, kila kitu kinaonekana. Nikienda saiti namchelewesha fundi, ananiambia ninyi wa chuo mnajua karatasi tu. Je, tunapoteza muda?
*Mwanafunzi, Nkuhungu, Dodoma*

Hupotezi muda, ila fundi huyo hajakosea sana. Ubao wa mazoezi hauna tofali, hauna kona, wala hauna mwenye nyumba anayehamisha soketi baada ya plasta. Kinachokuchelewesha saiti si kuunganisha waya. Ni kutindua ukuta, kupinda paipu, kuvuta waya bila kuuchuna, na kukumbuka upi umetoka wapi. Hilo la mwisho lina dawa rahisi: kabla ya kuvuta, zungushia tepu kila ncha na uandike, T1 na T2 kwa taa, S1 na S2 kwa soketi, pande zote mbili za waya. Asiyeweka alama hupoteza nusu siku akitafuta kwa testa, na hapo ndipo karatasi ya chuo inapochekwa.

Mafundi wakubwa wakitaka kumpima kijana hawamuulizi kanuni ya Ohm. Humpa swichi mbili za njia mbili na taa moja ya korido. Swichi hiyo ina skrubu tatu: moja ni ya koma (kwa Kiingereza common, yaani ya pamoja), mbili ni za kusafiri kwenda swichi ya pili. Waya wenye moto huingia kwenye koma ya swichi ya kwanza, na waya wa kwenda kwenye taa hutoka kwenye koma ya swichi ya pili. Anayeingiza moto kwenye skrubu ya kusafiri hupata taa inayowaka kwa swichi moja tu endapo ile nyingine imekaa upande fulani. Atalaumu swichi, atanunua mpya, na itafanya vilevile. Usiamini mahali ilipo koma, maana watengenezaji hawafanani. Soma maandishi ya nyuma au pima kwa mita kabla ya kufunga.

Unene wa waya unaujua: milimita za mraba 1.5 kwa taa na 2.5 kwa soketi. Jikoni ndipo vijana wanapoteleza. Jiko la umeme likifungwa kwenye waya wa 2.5 kwa sababu ndio uliobaki kwenye rola, breka itaanguka kila siku, mwenye nyumba ataomba breka kubwa zaidi, na ukimpa, waya utakuwa umepoteza mlinzi wake. Breka hulinda waya, si jiko. Kama breka inaanguka kwa mzigo halali, badilisha waya kwanza, breka baadaye.

Jambo moja la hapa Dodoma halisemwi sana madarasani: ardhi, yaani fimbo ya chuma inayozikwa ili umeme unaovuja upite udongoni. Mvua zetu ni za msimu mmoja, takribani Desemba hadi Aprili, na ikifika Septemba udongo umekauka kabisa. Udongo mkavu hupitisha umeme kwa shida, kwa hiyo fimbo moja ya ardhi ya mita 1.2 ambayo ingetosha mahali penye unyevu huweza kusoma omu nyingi mno hapa, yaani ukinzani mkubwa. Kuna mafundi humwaga ndoo ya maji kwenye fimbo, wakapima, wakaondoka. Usomaji huo unadumu siku chache tu. Tafuta mahali panapopata maji ya kila siku, mfano karibu na mfereji wa bafuni. Tumia fimbo ndefu zaidi, au ongeza ya pili iliyo mbali na ya kwanza kwa umbali usiopungua urefu wa fimbo yenyewe, kisha uziunganishe. Zikikaribiana kuliko hapo hunyang'anyana udongo uleule na faida inakuwa ndogo. Pima udongo ukiwa mkavu.

Ukimaliza chuo, kumbuka cheti hakikupi ruhusa ya kujifungia kazi na kuisaini. Leseni ya ufungaji umeme hutolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ina madaraja kadhaa, na makao makuu yao yako hapahapa Dodoma. Anza kuulizia daraja la chini linalolingana na cheti chako ukiwa bado fildi (mazoezi ya kazini), kwa sababu utahitaji ushahidi wa kazi ulizofanya. Bila leseni utabaki unafanya kazi kwa muhuri wa mwingine, na mwenye muhuri ndiye anayepanga mgawo.

Nimemaliza uchomeleaji mwaka jana, nimekodi kibanda Kizota. Kazi zipo, fedha sizioni. Juzi nimetengeneza grili ya dirisha la mita 1.5 kwa 1.2 kwa Sh110,000, nikabaki na nauli. Chuoni tulifundishwa kuchoma, hatukufundishwa bei.
*Fundi kijana, Kizota*

Barua yako ndiyo iliyotufanya tuandike safu hii. Somo la ujasiriamali mlipewa, lakini mara nyingi huishia kwenye maana ya mtaji. Tuipige hesabu grili yako yenyewe.

Tuchukue mita 1.5 kwa 1.2 kuwa kipimo cha nje ya fremu. (Tundu la ukuta hupimwa mahali patatu kwa upana na patatu kwa urefu, ukachukua kipimo kidogo na kupunguza sentimita moja. Kuta zetu hazijanyooka, usibishane nazo.) Fremu ya skwea paipu ya milimita 20 inazunguka mita 5.4, hiyo ni paipu moja ya mita 6. Nondo za kusimama ni skwea ba za milimita 12, ziko 14. Kila moja ina urefu wa mita 1.16, kwa sababu fremu imekula sentimita 2 juu na 2 chini. Ba moja ya mita 6 inatoa vipande vitano, kwa hiyo unahitaji ba tatu. Fleti ba mbili za kulala, kila moja mita 1.46, zinatoka kwenye ba moja, na nusu yake inabaki kwa dirisha lijalo.

Sasa nafasi. Hapa ndipo chuma huharibika. Upana wa ndani ni sentimita 146. Kijana husema, naacha sentimita 10 kati ya nondo na nondo, anaanza upande mmoja anachoma. Nondo yenyewe ina sentimita 1.2, kwa hiyo kila hatua ni 11.2, na ile ya 13 inagota fremu wakati mkononi amebaki na ya 14. Hesabu sahihi: toa kwanza unene wa nondo zote, 14 mara 1.2 ni 16.8. Zinabaki sentimita 129.2. Nondo 14 huacha nafasi 15, kwa hiyo kila nafasi ni sentimita 8.6. Kata kipande cha mbao cha sentimita 8.6, kiweke kati ya nondo na nondo unapopachika, na futi kamba uiweke mfukoni.

Kabla ya hapo pachika kona nne za fremu kwa nukta ndogo tu, usichome kamili. Pima mlalo wa kona hadi kona, kisha mlalo wa pili. Kwa fremu hii kila mmoja unapaswa kuwa karibu sentimita 192. Vikitofautiana, gonga kona iliyo ndefu kwa nyundo hadi vilingane, ndipo uchome. Ukimaliza kona moja hamia ya mkabala wake, usifuate mzunguko, maana joto likikaa upande mmoja fremu hupinda kama ungo.

Kwa paipu yenye ukuta wa milimita 1.5 na fimbo ya kuchomelea ya milimita 2.5, anzia ampea 60 hadi 70. Ukiona fimbo inanata kila ukiigusisha, panda kidogo. Ukiona paipu inatoboka, shuka, na uelekeze moto kwenye nondo nene zaidi kuliko kwenye paipu. Jioni, karakana nyingi zikiwa zinawaka pamoja, umeme hupungua nguvu na mashine iliyokuwa sawa asubuhi huanza kunata. Usipandishe ukasahau, kwa sababu majirani wakizima utatoboa kazi.

Bei sasa. Tuseme skwea paipu Sh18,000, skwea ba tatu kwa Sh17,000 ni Sh51,000, fleti ba Sh9,000. Fimbo kama 20 ni Sh4,000, diski ya kukatia Sh3,000, rangi ya kuzuia kutu na thina Sh8,000, umeme Sh3,000, guta la kuleta chuma na kupeleka grili Sh6,000. Jumla ni Sh102,000, na bado hujajilipa. Wewe umetoza Sh110,000.

Siku moja na nusu ya fundi kwa Sh25,000 kwa siku ni Sh37,500. Msaidizi kwa Sh10,000 kwa siku ni Sh15,000. Tumefika Sh154,500. Ongeza asilimia 10 kwa ajili ya kodi ya kibanda na uchakavu wa mashine, ni kama Sh170,000. Hiyo ndiyo bei ya dirisha moja. Mteja akiwa na madirisha mawili unaweza kushuka bila kuumia, kwa sababu fleti ba moja inatosha yote mawili, guta ni safari moja, na kipande cha mbao ulishakata. Mwambie hivyo waziwazi, wateja hupenda kuona punguzo limetoka wapi.

Chukua malipo ya awali yanayofika gharama ya chuma yote kabla ya kwenda dukani. Jirani akitoza Sh120,000 kwa kazi ileile, mwangalie nondo zake kabla ya kumfuata: ama ni za milimita 10, ama ni 11 badala ya 14.

Nilipelekwa fildi kwenye karakana moja ya magari. Wiki zote nilifagia, nikaosha vipuri na kununua chai. Nimerudi chuoni na daftari tupu. Mafunzo kama haya yana uhusiano gani na ajira?
*Mwanafunzi wa makanika, Singida*

Kuosha vipuri ni kazi ya wiki ya kwanza mahali popote duniani, haikudhalilishi. Ikifika wiki ya tatu bado unaosha, tatizo ni kwamba hakuna aliyeandikiwa jukumu la kukufundisha.

Mara ijayo usiende na barua ya chuo peke yake. Ambatanisha ukurasa mmoja wenye kazi sita au saba unazotakiwa kuzifanya kwa mkono wako, kwa mfano kubadilisha oili na filta, kufungua na kufunga breki za mbele, kurekebisha vali, kusoma hitilafu kwa mashine ya kompyuta, na kubadilisha klachi ukisaidiwa. Mwombe msimamizi aweke tarehe mbele ya kila moja siku unapoifanya. Karakana isiyotaka kusaini ukurasa huo imeshakujibu, nenda nyingine mapema. Kila jioni andika gari lilikuja na lalamiko gani, kilichokutwa, kilichobadilishwa. Mistari mitatu inatosha. Na mkufunzi wako akija kukagua, mwambie ukweli siku hiyohiyo. Akisikia baada ya fildi kwisha hana la kufanya.

Siku ya usaili, mwajiri atakuuliza ulifanya nini fildi. Anayejibu "nilijifunza mambo mengi ya magari" hukaa chini. Anayejibu "gari lilikuwa linavuta upande wa kushoto likifunga breki, tukakuta pistoni ya kalipa ya kulia imekwama" hupewa ovaroli.

Mwanangu kamaliza kidato cha nne, matokeo si mazuri. Baba yake anasema VETA ni ya walioshindwa, ataishia kuwa fundi. Je, akianza ufundi anaweza kuendelea hadi juu au ndiyo basi?
*Mzazi, Bahi*

Mama, mwambie mzee njia haijafungwa. Ufundi stadi, ndio unaofundishwa VETA, una ngazi tatu za tuzo, ya I, ya II na ya III, na kila moja huchukua karibu mwaka mmoja. Juu yake zinaanza ngazi za elimu ya ufundi: ya 4 na ya 5 ni astashahada, ya 6 ni stashahada, kisha shahada. Zote zinaratibiwa na NACTVET, baraza ambalo tangu 2021 linashughulikia ufundi na ufundi stadi pamoja.

Kuvuka kutoka ngazi ya III kwenda ya 4 ndiko kwenye kigingi. Kozi nyingi hazitazami cheti cha ufundi peke yake, zinatazama pia amefaulu masomo mangapi kidato cha nne. Kwa hiyo, kama kijana alikosa masomo machache, arudie mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea wakati yuko chuoni, hasa hisabati na fizikia kama anataka umeme au mitambo. Mwongozo wa udahili wa NACTVET hutolewa kila mwaka, na sifa za kila kozi zimeandikwa humo. Usome kabla hajachagua fani, si baada.

Ada ya kozi ndefu kwenye vyuo vya VETA imekuwa Sh60,000 kwa mwaka kwa kutwa na Sh120,000 kwa bweni, mbali na sare, vifaa na michango. Masomo huanza Januari na fomu hutoka nusu ya pili ya mwaka unaotangulia, kwa hiyo anayekwenda kuuliza Februari amechelewa. Nafasi za bweni ndizo za kwanza kwisha. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kama Chisalu kule Mpwapwa na Munguri kule Kondoa, navyo vinafundisha ufundi, na watu wa mjini huvisahau.

Kama ana mdogo wake sekondari, fahamu kwamba chini ya Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, kuna mkondo wa jumla na mkondo wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi, na baadhi ya shule zilianza amali kwa kidato cha kwanza cha Januari 2024. Ulizia karakana ya shule ina mashine ngapi kwa wanafunzi wangapi. Amali bila karakana ni nadharia iliyovaa ovaroli.

Hilo la "kuishia kuwa fundi" tunamwachia mzee mwenyewe. Siku paa lake likivuja atajua amwite nani.

Nina miaka tisa gereji, sijakaa darasani. Vijana wenye vyeti wanakuja kwangu kujifunza, kisha wanaajiriwa kwenye makampuni ya ujenzi wa barabara na mimi nabaki. Niache kazi nirudi chuo?
*Fundi, Chang'ombe, Dodoma*

Hapana, fundi. Kuna urasimishaji wa ujuzi, yaani kupimwa na kutunukiwa cheti kwa ujuzi ulioupata kazini. VETA ndiyo inayoufanya. Unajaza fomu ukieleza kazi unazozimudu, unakusanya ushahidi, kisha wapimaji wanakuangalia ukifanya kazi na kukuuliza maswali kwa mdomo. Wakikuta mapengo unapewa mafunzo mafupi ya kuyaziba, halafu cheti. Pita ofisi ya VETA uulize awamu ijayo, kwa sababu mara kwa mara serikali hugharamia makundi kupitia programu yake ya kukuza ujuzi, na nafasi hujaa haraka.

Ushahidi ndio unaowaponza mafundi wa mtaani. Anza leo: piga picha kabla na baada ya kila kazi kubwa, hifadhi risiti za vipuri, omba barua mbili tatu za wateja wenye magari ya kampuni. Kwenye upimaji, wazoefu huanguka mahali pawili, navyo vyote ni vidogo. Cha kwanza ni usalama: kuingia chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki bila stendi ni kosa hata kama umefanya hivyo miaka tisa na bado uko hai. Cha pili ni kukaza bolti za silinda hedi kwa kukisia. Wapimaji wanataka spana ya kipimo, mpangilio wa kuanzia katikati kwenda nje, na kukaza kwa awamu. Unajua tayari kwa nini hedi hupinda; sasa onyesha unavyozuia.

Nasoma ushonaji. Mtaani kwetu kila mlango una cherehani. Nitapata wapi wateja?
*Mwanafunzi, Kondoa*

Cherehani zipo nyingi, fundi anayetoa kazi kwa siku aliyoahidi ni mmoja mmoja. Usianze na magauni ya harusi. Anza na sare za shule, ambazo oda zake huja Novemba na Desemba, na marekebisho ya suruali na sketi za wafanyakazi wa ofisini. Hayo ya pili yanadharauliwa, lakini Dodoma ya wizara zote inanunua suruali zilizo tayari na karibu kila moja inahitaji kupunguzwa.

Kwenye sare, hasara huja kwa kitambaa kinachorudi. Kata kipande cha sentimita 50 kwa 50, kifue, kianike, kipige pasi, kipime tena. Kikisoma 48.5 kimerudi kwa asilimia 3, maana yake sketi ya sentimita 70 itapoteza 2 baada ya kufuliwa mara ya kwanza, na mzazi atarudi na maneno. Loweka kitambaa chote na ukikaushe kabla ya kukata. Acha pindo la sentimita 6 chini, kwa kuwa mtoto anakua, na umwoneshe mzazi pindo hilo wakati anachukua mzigo. Ni tangazo la bure.

Nina leseni daraja D na cheti cha kuendesha. Nimeomba udereva serikalini mara tatu, siitwi hata usaili. Kuna upendeleo?
*Msomaji, Ipagala*

Tatizo ni herufi D. Matangazo ya Dereva Daraja la II ya Sekretarieti ya Ajira hudai cheti cha kidato cha nne, leseni daraja E au C uliyoifanyia kazi kwa muda usiopungua mwaka mmoja bila kusababisha ajali, na cheti cha mafunzo ya msingi ya udereva ya VETA au chuo kingine kinachotambuliwa na serikali. D huanguka kabla mtu hajasoma jina lako. Angalia pia kama ulipakia karatasi ya matokeo badala ya cheti chenyewe, hiyo nayo haikubaliwi.

Tuko vijana sita, tumemaliza umeme na bomba. Hatuna vifaa. Tumesikia mikopo ya halmashauri, tuanzie wapi?
*Wahitimu, Nzuguni*

Mikopo hiyo hutoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Haina riba. Mlango ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yenu. Mtahitaji katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao wenye saini za wote, akaunti ya benki ya kikundi na andiko la mradi.

Andiko ndilo linalokwama. Wengi huandika "kununua vifaa vya ufundi" na kiasi kikubwa cha mviringo. Andikeni kila kifaa, idadi, bei ya duka mlilopita na kazi kitakayofanya. Na msiombe vyote. Fundi umeme anaanza na bisibisi bapa na nyota zenye mpini wa kuzuia umeme, plaizi, kisu cha kumenya waya, testa, maltimita, futi kamba, pima maji, nyundo na patasi, springi ya kupindia paipu ya milimita 20. Wa bomba anaanza na spana mbili za paipu, si moja, kwa sababu moja hushika na nyingine huzungusha. Aongeze msumeno wa chuma, na pampu ya mkono ya kupimia presha ambayo kikundi kitatumia pamoja. Drili ya kutoboa zege kodini kwa siku hadi mtakapoona mnaikodi zaidi ya mara mbili kwa wiki. Hapo ndipo mnunue.

Rejesho lipangwe kwa kazi ndogo za uhakika, ukarabati na marekebisho, si kwa ile nyumba kubwa mliyoahidiwa. Nyumba kubwa husimama ikifika lenta, mwenye nayo akatafute fedha, na tarehe ya rejesho haisimami naye. Amueni pia, kabla fedha haijaingia, vifaa vitalala kwa nani na akihama itakuwaje. Liandikeni kwenye katiba, kifungu chake peke yake.